Mipaka ya Makato Ndani ya Kompyuta

Hotuba iliyosomwa na wafanyakazi wa reli mbele ya mkutano wa wafanyakazi wa Thika na Ruiru



Sisi wa reli tumealikwa tuseme neno juu ya makato ya mishahara. Huenda mtu akauliza, watu wa reli na kompyuta wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba malalamiko haya tunayasikia kuliko wengine, maana treni ya asubuhi itokapo Ruiru kwenda Nairobi imejaa wafanyakazi, na mwisho wa mwezi hawazungumzi jambo jingine. Mmoja asema amekatwa mara mbili. Mwingine asema mkopo wake ulikwisha tangu Aprili na bado anakatwa. Wa tatu aliuliza ofisini akaambiwa, "Si mimi, ni mashine iliyokata." Jibu hilo la tatu ndilo lililotufanya tukae chini, tukauliza wenye kujua, na leo twawaletea tuliyoyapata.

Hatukusoma sana. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi ya misheni. Lakini kujumlisha na kutoa tulifundishwa kwa fimbo hata tukajua, na jambo hili lote ni kujumlisha na kutoa.

Zamani karani wa mishahara alikuwa na daftari kubwa, na kila mwezi aliandika kwa mkono jina la mtu, mshahara wake, na kila alichokatwa. Alipokosea, kosa lilikuwa la mtu mmoja kwa mwezi mmoja. Siku hizi kazi hiyo yafanywa na programu ya mishahara, na karani mmoja aweza kumaliza watu mia nne kabla ya chakula cha mchana. Hilo ni jambo jema, hatulipingi. Lakini programu haijui sheria ya Kenya. Inajua yale tu yaliyoandikwa ndani yake na mtu. Yakiandikwa vibaya itakosea kwa watu mia nne wote, mwezi baada ya mwezi, wala haitaona haya.

Kila kato lina ukurasa wake mle ndani. Karani akiufungua ataona nafasi za kujaza. Kuna jina la kato. Kuna mahali pa kusema kama ni asilimia au ni fedha kamili, na kama asilimia hiyo ihesabiwe juu ya mshahara wa msingi au juu ya mapato yote. Kuna kikomo cha chini na kikomo cha juu. Kuna tarehe ya kuanza. Kama ni mkopo, kuna nafasi ya jumla ya deni, ili likiisha kato likome lenyewe. Tena kuna nafasi ya kato hilo katika foleni, yaani lipi litolewe kwanza fedha zikiwa hazitoshi. Nafasi ikiachwa tupu, mara nyingi programu haiulizi. Yule ndugu wa mkopo wa Aprili, nafasi ya jumla ya deni iliachwa tupu. Ni hivyo tu, hakukuwa na mwizi. Lakini fedha zilitoka.

Sisi wa reli twaelewa vikomo. Kila behewa la mizigo limepakwa ubavuni uzito linaoweza kubeba. Mpakiaji hawezi kusema, "Leo mzigo ni mwingi, naongeza kidogo," maana ekseli haina urafiki naye. Lakini nambari ile ikipakwa vibaya, hata mpakiaji mwaminifu atapakia kwa uaminifu mpaka behewa livunjike. Kwa hiyo hatuulizi kama karani ni mtu mwema. Twauliza ni nani aliyepaka nambari, na ni lini ilikaguliwa.

Tuchukue akiba ya uzeeni, maana hapo ndipo vikomo hubadilika mara nyingi. NSSF ilianzishwa mwaka 1965, na kwa miaka mingi tulizoea Shs. 200 za mfanyakazi na Shs. 200 za mwajiri kwa mwezi, mwenye mshahara mkubwa na mwenye mdogo sawasawa. Karani aliandika 200 akasahau. Kisha ikaja Sheria ya NSSF ya mwaka 2013, ikazuiwa na kesi za mahakamani, mpaka Mahakama ya Rufani ilipoifungulia njia Februari 2023. Tangu hapo mfanyakazi hutoa asilimia 6 ya mshahara na mwajiri hutoa asilimia 6 yake, lakini kwa sehemu ya mshahara iliyo chini ya kikomo cha juu. Na kikomo hicho kimekuwa kikipanda ngazi kila Februari. Mwaka 2023 kilikuwa Shs. 18,000, mwaka 2024 Shs. 36,000, mwaka 2025 Shs. 72,000, na Februari 2026 kikawa Shs. 108,000. Fedha zilizo juu ya kikomo hazikatwi NSSF.

Tazameni maana yake kwa mtu anayepata Shs. 48,000. Mwaka 2023 alikatwa Shs. 1,080. Mwaka 2024 alikatwa Shs. 2,160. Tangu Februari 2025 ni Shs. 2,880, kwa sababu mshahara wake wote sasa uko chini ya kikomo. Na Februari 2026 haikumwongezea hata senti moja. Basi kama unapata chini ya Shs. 72,000, na mwezi huo NSSF yako ilipanda hali mshahara ni uleule, nenda ukaulize, maana kuna kitu kimeandikwa vibaya.

Kuna na kikomo cha chini, kilichokuwa Shs. 8,000 mwaka 2025 na Shs. 9,000 tangu Februari 2026. Asilimia 6 ya sehemu hiyo ya kwanza lazima iende NSSF yenyewe. Sehemu iliyo juu yake mwajiri aweza kuipeleka katika mfuko mwingine wa pensheni ikiwa amepewa ruhusa. Kwa hiyo mtu akiona NSSF imeandikwa Shs. 540 tu asifurahi mapema. Zile nyingine zapaswa kuonekana katika karatasi hiyohiyo kwa jina la mfuko ule mwingine. Kama hazionekani popote, hapo ndipo pa kusimama.

Sasa tuwaeleze kisa. Jirani yetu mmoja wa Ruiru ni mwendesha mashine kiwandani. Jina lake hatulitaji wala la kiwanda, kwa sababu bado anakula pale. Mshahara wake wa msingi ni Shs. 36,000 na marupurupu ya nyumba Shs. 12,000, jumla Shs. 48,000. Juni 2025 alipeleka nyumbani Shs. 16,777. Mwisho wa Julai alipata Shs. 12,673. Hakuwa amekosa kazi hata siku moja. Alikuja kwetu usiku na karatasi yake mfukoni, hakutaka mkewe aione kwanza, maana fedha za shule za mtoto wa pili zilikuwa zimepangwa tayari juu ya ile 16,777.

Tuliketi naye chini ya taa tukaipitia mstari kwa mstari. Senti tuliziacha. Juni NSSF ilikuwa Shs. 2,160, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 yaani Shs. 1,320, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 yaani Shs. 720, na kodi ya mapato Shs. 5,523. Kisha Sacco, mkopo Shs. 13,000 na hisa Shs. 2,500, mkopo wa benki Shs. 5,600, na chama cha wafanyakazi Shs. 400. Toa hizo zote kwa 48,000, zabaki 16,777. Sawa kabisa.

Lakini tazama ile NSSF ya Juni. Shs. 2,160! Hicho ni kiwango cha mwaka 2024. Tangu Februari alipaswa kukatwa Shs. 2,880. Miezi mitano, Februari hadi Juni, alikatwa pungufu Shs. 720 kila mwezi. Naye hakujua, nani analalamika akikatwa kidogo? Julai mtu ofisini akagundua. Kikomo kikarekebishwa, NSSF ikawa Shs. 2,880, kodi ikashuka kidogo ikawa Shs. 5,307, maana NSSF hutolewa kabla ya kodi kuhesabiwa. Kwa hesabu hiyo angepata Shs. 16,273, angenung'unika kidogo akanyamaza. Lakini malimbikizo ya miezi mitano, Shs. 3,600, yakakatwa yote kwa siku moja, mstari mmoja mwishoni umeandikwa neno "marekebisho". Ndipo akabaki na 12,673.

Mwakilishi wa wafanyakazi pale kiwandani alikwenda na katibu wa tawi lao kuuliza. Karani ni binti wa miaka ishirini na kitu, na tulivyosimuliwa alitetemeka kuliko waliokuja kulalamika. Aliifungua programu akawaonyesha kwenye kioo. Kikomo kilikuwa kimebaki 36,000 tangu mwaka 2024. Kwa nini? Kwa sababu mwenye kuuza programu ile hutuma vikomo vipya kwa wale waliolipa ada ya mwaka, na kampuni haikulipa ada hiyo. Binti alitakiwa kuandika mwenyewe kwa mkono, na hakuna aliyemwambia. Alikabidhiwa kazi na mtu aliyeondoka, akapewa neno la siri na kiti, basi. Tunasema haya kwa sababu wengine wetu hupenda kumrukia karani dirishani. Karani naye ni mfanyakazi, na wengine wao ni wanachama.

Sasa twaja penye uzito. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema kwamba makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Maana yake ni kwamba theluthi moja lazima ifike mkononi mwa aliyeifanyia kazi. Theluthi ya 48,000 ni 16,000. Jirani yetu alipewa 12,673. Je, programu haina nafasi ya theluthi? Inayo. Mbona ilinyamaza? Walipofungua ukurasa ule waliona kwamba theluthi imeandikwa ihesabiwe juu ya mshahara wa msingi peke yake. Theluthi ya 36,000 ni 12,000. Kwa macho ya mashine, 12,673 imezidi 12,000, kila kitu kiko sawa, endelea na mtu mwingine.

Hapa pana ubishi, na hatutaki kuwaficha. Ofisi nyingi, na hata za serikali, huhesabu theluthi juu ya mshahara wa msingi, na meneja yule alisema hivyohivyo bila hasira. Katibu akajibu kwamba kifungu chataja mshahara, hakikutaja msingi, na kwamba mtu hanunui unga kwa msingi. Walizungumza siku mbili. Mwisho walikubaliana kwamba kwa watu walioguswa na malimbikizo yale, theluthi ihesabiwe juu ya mapato yote. Nafasi ya jirani yetu ilikuwa Shs. 273 tu juu ya 16,000, basi deni la 3,600 likagawanywa Shs. 240 kwa miezi kumi na mitano, na akarudishiwa Shs. 3,360 wiki ileile. Sehemu ya mwajiri iliyokuwa imepungua kwa NSSF, pamoja na adhabu ya kuchelewa, ni ya mwajiri mwenyewe. Swali la msingi au mapato yote halikumalizwa. Kwa maoni yetu mahali pake ni katika makubaliano ya pamoja ya chama na mwajiri, liandikwe kwa maneno yasiyo na njia mbili.

Kuna jambo la pili waliloliona katika ukurasa uleule. Nafasi ya theluthi ina njia mbili. Programu yaweza kuwekwa izuie, yaani isikubali kabisa kumlipa mtu chini ya kikomo mpaka makato yapunguzwe. Au yaweza kuwekwa ionye tu, na karani akibonyeza "ndiyo", mambo yapita. Pale ilikuwa imewekwa kuonya. Karani mwenye watu mia nne na benki inayofunga saa kumi atabonyeza ndiyo. Nasi tungebonyeza.

Tuseme kweli, si wanachama wote waliofurahi kusikia kwamba mashine itazuia. Mmoja alisimama akasema, "Mshahara ni wangu, na nikitaka kukopa wote nakopa. Mnanilinda na nini?" Neno lake halikuwa la upuuzi. Mwenye mgonjwa hospitalini haangalii theluthi. Twajua pia kwamba wengine wamemwendea karani kwa siri waandikiwe barua ya benki inayoonyesha makato machache kuliko yaliyopo. Sisi twamjibu hivi. Aliyekopa kupita kiasi hapati shida peke yake. Makato yakipita fedha zilizopo, programu hufuata foleni. Kodi na NSSF huwa mbele, na aliye nyuma hukosa. Mara nyingi aliye nyuma ni Sacco, na mkopo usiolipwa huwaangukia wadhamini, yaani mimi na wewe tuliotia sahihi. Tena siku hizi ile theluthi yenyewe haiko salama ikifika, maana mikopo ya simu, Fuliza na ndugu zake, huingoja mlangoni, nayo haionekani katika karatasi ya mshahara wala programu ya karani haina habari nayo.

Makato mengine tutayapita upesi. SHIF haina kikomo cha juu, ni asilimia 2.75 tangu Oktoba 2024, lakini ina kikomo cha chini cha Shs. 300. Kwa hiyo mwenye kupata Shs. 8,000 hakatwi 220, anakatwa 300, na hilo si kosa la karani. Ushuru wa nyumba nao hauna kikomo, na mwajiri huongeza asilimia 1.5 yake. Wachache wanaoweka akiba kubwa ya pensheni kwa hiari wajue kwamba kiasi kisichotozwa kodi kilipanda kutoka Shs. 20,000 hadi Shs. 30,000 kwa mwezi tarehe 27 Desemba 2024, na NSSF imehesabiwa humo. Kama programu yao bado ina 20,000, wanalipa kodi wasiyodaiwa. Na fedha za chama hukatwa kwa yule tu aliyetia sahihi fomu. Asiyetia sahihi, akiona kato hilo, ana haki ya kuuliza hata sisi wenyewe.

Jambo moja programu haiwezi kulionyesha, nalo ni kama fedha zilizokatwa zilifika. Kukata ni kazi ya kompyuta, kupeleka ni kazi ya mwajiri. NSSF ya mwezi yapaswa kufika kabla ya tarehe 9 kupita ya mwezi unaofuata. Mwajiri anayekata asipeleke ana hatia kwa kifungu kilekile cha 19, na faini yake yaweza kufika Shs. 100,000, au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili. Basi karatasi iliyo safi isitudanganye. Taarifa ya NSSF yapatikana kwa simu au katika ofisi zao, na itazamwe pamoja na karatasi ya mshahara, mwezi kwa mwezi.

Twaomba nini? Twaomba kila tawi limwandikie mwajiri barua fupi, kila Januari, kabla ya vikomo vya Februari, kuomba karatasi moja tu iliyochapishwa kutoka kwa programu yake ya mishahara. Karatasi hiyo ionyeshe vikomo vya kila kato, theluthi inahesabiwa juu ya nini, na kama imewekwa kuzuia au kuonya. Haina siri ya mtu yeyote ndani yake, haina mshahara wa meneja. Mwajiri mmoja wa Thika aliombwa na akaitoa siku hiyohiyo, akashukuru, maana hata yeye hakuwa ameiona. Mwingine alikataa, na barua ya pili imekwenda kwake na nakala kwa afisa wa kazi.

Jirani yetu alitupa ruhusa ya kusoma hesabu yake hapa, nayo tumeiandika ukutani nyuma yenu kwa chaki mpate kuinakili. Jumapili ijayo saa nane tutakaa tena katika chumba hiki. Kila mtu alete karatasi zake mbili, ya Januari na ya Februari, aziweke pamoja. Wa zamu ya usiku watahudumiwa kwanza wakalale. Asiye na karatasi kwa sababu ofisini hawampi, aje hivyohivyo na jina la mahali anapofanya kazi, kwa maana kifungu cha 20 cha sheria ile chamtaka mwajiri ampe, na barua yake tutaiandika pamoja palepale.